Ruta ya mbao, ya chaji au ya waya? Fundi wa Dodoma naomba ushauri kabla sijaingia dukani

SeremalaKizota

Wakuu mbukwenyi, poleni na jua.

Mi fundi seremala, kijiwe kiko Kizota, tupo wawili na dogo mmoja tunamfundisha kazi. Zamani kazi ilikuwa milango na vitanda basi, mninga na mkongo, mteja analeta mbao zake au anatuachia tutafute. Ila tangu mji uanze kutanuka mambo yamebadilika, saivi mtu anataka makabati ya jikoni ya MDF (mbao za unga wa mbao uliogandamizwa), anataka mlango wenye maua, anataka kingo za meza ziwe duara siyo kona kali, na akishakuonyesha picha kwenye simu huwezi kumwambia haiwezekani maana anavuka barabara anaenda kwa mwenzako. Kwaiyo nimeamua kununua ruta, ile mashine ya kuchonga kingo, maua na vishimo kwenye mbao. Hela niliyonayo ni ya mashine moja, msije mkaniambia nunua zote mbili.

Shida yangu iko hapa. Nusu ya kazi naifanyia kijiweni, umeme upo ingawa nimeuvuta kutoka nyumba ya mwenye kiwanja, kama mita 40 hivi, kwa waya mwembamba. Nusu nyingine iko saiti, Iyumbu, Nala, huko nyuma ya Ihumwa, nyumba imeshapauliwa, fremu zimekaa, lakini umeme bado, nguzo unaiona kwa mbali. Huko napachika milango, nachimbia bawaba na vitasa kwa patasi, mlango mmoja wa mkongo unanila asubuhi nzima na mkono unakufa ganzi.

Nina drili ya Makita ya volti 18, aliniuzia mkandarasi mmoja alipomaliza kazi yake kule Mtumba, na betri mbili za Ah 3 (ampea-saa, ujazo wa chaji) na chaja yake, mpaka leo zinakaa na chaji vizuri. Ndo maana najiuliza, nichukue ruta ya chaji nitumie betri hizohizo, au ninunue ya waya kubwa yenye nguvu nimalize kila kitu na saiti nibebe jenereta? Waliozishika zote mbili waseme ukweli, siyo wa kusoma maandishi ya kwenye boksi.

BabaJoyce

Waya. Za chaji ni za kutundikia mapazia.

Fundi_Nzuguni

Huyo wa juu msamehe, bado anaziongelea zile za chaji za miaka ile ya betri nyeusi zinazokata katikati ya skrubu.

Mkuu mi nafanya makabati na kupachika milango, ya chaji ninayo, Makita DRT50, na ya waya ninayo pia. Ile ya chaji ni ndogo, unaishika kwa mkono mmoja kiunoni kama chupa ya soda ya lita, mizunguko unaichagua mwenyewe kwa kagurudumu juu, elfu 10 mpaka elfu 30 kwa dakika. Na inatumia betri hizohizo za volti 18 ulizonazo, kwaiyo unanunua bodi tupu, hulipii betri wala chaja, na ukiangalia bei za vifaa vya chaji utakuta hela nyingi iko kwenye betri na chaja kuliko kwenye mashine yenyewe. Wewe nusu ya gharama ulishalipa kwa huyo mkandarasi.

Bawaba nachimba hivi. Nina kipande cha plaiwudi ya mil 12 nimekikata dirisha la saizi ya bawaba ya inchi 4. Nakibana kwenye ubavu wa mlango kwa klempu mbili, naweka biti (wembe unaozunguka) fupi yenye beringi juu, ile beringi inatembea kwenye ukingo wa plaiwudi kwaiyo mkono wako hata ukitetemeka haiwezi kutoka nje ya mstari. Kina naseti kwa plaiwudi na bawaba pamoja, nashusha biti mpaka itokeze chini ya kitako sawa na unene wa vyote viwili, nafunga. Naiwasha nje ya mbao, naingia polepole, maranda yanaruka kifuani, nazunguka mle ndani mpaka chini panakuwa sawa kama meza, nazima, nasubiri isimame kabisa ndo nanyanyua. Kinachobaki ni zile kona mbili za ndani zimekuwa duara, patasi mara mbili tatu umemaliza, bawaba inakaa flashi na mbao utadhani imeota pale. Saiti ambayo haina umeme hiyo ndo kazi yake, hakuna waya wa kukanyaga, hakuna jenereta la kubeba kwenye bodaboda.

Ila usidanganyike uchonge nayo maua ya mlango mzima wa mkongo. Itafanya, lakini utaichosha na utajichosha.

BabaJoyce

Sasa si umesema mwenyewe mwishoni hapo. Mwenzako kaeleza anataka mlango wenye maua. Maua ya mkongo yanataka biti kubwa ya shanki (mguu wa biti) ya nusu inchi, na hiyo kaDRT50 yako inakula mil 6 na mil 8 tu. Mi nina Makita RP2301FC, wati 2100, koleti (kibanio cha biti) ya nusu inchi, inashuka na kupanda kwenye springi, elfu 9 mpaka elfu 22. Naichomeka asubuhi naichomoa jioni, hakuna cha "ngoja betri ijae".

Afu kingine ambacho vijana wa chaji hamsemi ni ufundi wa kuitengeneza. Ya waya ikipungua nguvu nafungua vifuniko viwili pembeni, natoa kaboni (zile zinazopeleka umeme kwenye mota), naweka mpya, kaboni zipo kila duka la spea mjini. Amecha (sehemu ya mota inayozunguka) ikiungua kuna watu wanazisuka hapahapa. Hizo za chaji zisizo na kaboni ndani kuna bodi ya umeme, ikifa hiyo bodi hapa Dodoma utamwona nani? Unaweka kabatini mnaangaliana.

Fundi_Nzuguni

Hapo kwa spea nakupa haki yako. Ila na kutokuwa na kaboni ni faida vilevile kwa vumbi letu hili, ukifika mwezi wa 7 wa 8 upepo ule unaujua, mota yenye kaboni inavuta vumbi ndani na kaboni zinaliwa haraka.

Ampea_Tisa

Naomba nilete hesabu maana naona watu wanabishania nguvu bila kuipima. Mi siyo seremala, ni fundi umeme, Chang'ombe.

Betri ya volti 18 yenye Ah 3 ina nishati ya 18 mara 3, yaani wati-saa 54. Ruta ndogo ikifanya kazi ya kawaida tuseme inakula wati 400, basi hiyo betri itakupa dakika 8 za kuzunguka mfululizo. Zinaonekana chache lakini shimo moja la bawaba halimalizi hata dakika ya kuzunguka, muda mwingi unapotea kwenye kubana na kupima, kwaiyo betri mbili zinakubeba milango kadhaa. Ukiwa na Ah 5 ni wati-saa 90, dakika 13 na ushee kwa mzigo uleule.

Sasa chukua hiyo ya BabaJoyce ya wati 2100. Ungeifunga kwenye betri yako ya Ah 3 ikavuta mzigo kamili ingekaa dakika moja na nusu. Na mkondo wake, 2100 gawa kwa 18, ni ampea 116, huo ni umeme wa kuchomelea. Kwenye soketi ya volti 230 mashine ileile inavuta ampea 9 tu. Ndo maana ruta kubwa za chaji zimechelewa kuja, na zilizokuja, kama ile ya Milwaukee ya M18 yenye koleti ya nusu inchi, zinataka betri kubwa kubwa haswa, na Makita yao ya koleti kubwa wameihamishia kwenye betri za volti 40 ambazo haziingiliani na hizo za 18. Kwaiyo ruta kubwa ya chaji kwa mwenye hii swali haipo mezani, tuache kuizungumzia.

Kwa upande wa LUKU msiogope, wati 2100 ikizunguka saa nzima kwa mzigo kamili ni uniti 2 na pointi 1, kama shilingi 750 hivi kwa mtumiaji wa kawaida, na hakuna seremala anayebana ruta saa nzima bila kupumua.

Shida yangu na mleta mada ni huo waya mwembamba wa mita 40. Ni wa mil ngapi?

SeremalaKizota

Mkuu sijui mil ngapi, ni ule wa kawaida wa ekstensheni wa rangi mbili unauzwa kwa mita, wa kufungia taa. Randa ya umeme inazunguka nayo ila nikikandamiza inalia kama inataka kuzima, na waya unapata moto. Na jioni ndo kabisa.

Ampea_Tisa

Nilijua tu. Huo utakuwa wa 0.75 (mil za mraba). Mita 40 kwenda na 40 kurudi, ukivuta ampea 9 unapoteza karibu volti 19 njiani kabla hujaongelea umeme wenyewe kushuka jioni. Mota inakosa nguvu, wewe unakandamiza, inachemka, afu unasema mashine mbovu. Ukiweka waya wa shaba wa 2.5 kwa umbali huohuo upotevu unashuka kwenye volti 6 hivi. Na kama ni wa kuviringa kwenye gurudumu uufungue wote hata kama mashine iko mita 5, ukiuacha umejiviringa joto halina pa kutokea, plastiki inayeyuka humohumo.

Kwaiyo hesabu ya ruta ya waya kwako iwe ruta JUMLISHA waya wa 2.5. Hiyo hela uiweke kwenye bajeti kabisa.

Kuhusu jenereta, kale kadogo ka mafuta ya kuchanganya kanakotembea kwenye masaiti kanatoa wati 650 hivi. Ruta ndogo ya wati 710 kama RT0700C itaenda kwa shida ukiwa mpole, ya 2100 itakazima palepale. Kwa hiyo kubwa unahitaji jenereta la kilowati 3, na hilo siyo la bodaboda, ni la bajaji au kirikuu, na kila siku ya kupachika milango unalilipia nauli.

Mzee_wa_Kondoa

Wanangu habari za kazi. Nimesoma mnavyobishana chaji na waya nikaona kuna jambo mmeliruka na ndilo linalokata vidole vya watu.

Biti na kasi yake. Chukua biti yenye upana wa mil 50, izungushe elfu 22 kwa dakika, ule ukingo wa nje wa wembe unakimbia kilomita 207 kwa saa. Treni yetu ya SGR mwendo wake wa juu ni 160. Sasa kuna mashine za zamani za waya, nguvu zinazo lakini kasi ni moja tu, elfu 22 huipunguzi, kijana anaenda kununua biti kubwa ya kuchongea paneli anaifunga humo. Biti mpaka mil 25 mwendo huo sawa, ikifika 50 teremka kwenye elfu 14 au 16, zikizidi 60 uwe elfu 10 au 12 na usizitumie mashine ikiwa mkononi, zifungwe kwenye meza. Kwaiyo anayenunua ya waya asiulize wati tu, aulize kama ina kagurudumu ka kupunguza mwendo.

Jambo la pili ni mbao. Huyu kijana anasema mninga na mkongo. Mninga ni mpole kwa wembe lakini vumbi lake siyo la kuvuta, linabana kifua na wengine linawawasha mpaka ngozi, na ruta inasaga vumbi laini kuliko msumeno, kwaiyo barakoa siyo urembo. Mkongo vumbi lake utapiga chafya mpaka kesho, halafu ni mgumu, mil 3 kwa mkupuo mmoja inatosha, ukitaka kina cha 9 pita mara tatu. Mkiletewa mvule mkague kwanza, unakuwa na mawe ndani, chokaa iliyoganda kwenye mbao, biti ya kabaidi (meno magumu kuliko chuma) inapasuka meno ikikutana nayo. Na MDF ina gundi, biti ya chuma cha kawaida inakuwa butu hata kabati moja halijaisha, baada ya hapo inaunguza badala ya kukata. Nunua kabaidi tu hata kama ni mbili badala ya boksi la biti 15.

Na mwendo wa mkono. Ukichonga ukingo wa nje wa meza sukuma kinyume cha mshale wa saa, ukiwa ndani ya tundu zungusha kufuata mshale wa saa. Ukigeuza, mashine inakimbia na wewe. Anza na vichwa vya mbao, malizia na ubavu, pale kichwa kitakapobanduka kwenye kona ubavu utakuja kufuta.

Fundi_Nzuguni

Shikamoo mzee wetu. Hilo la kuanza na vichwa vijana wengi hawalijui, wanamaliza meza afu wanajaza kona kwa gundi na vumbi la mbao.

Mzee_wa_Kondoa

Marahaba. Na mteja anaiona ile gundi vanishi ikishapita.

DadaSamani_Makole

Kaka zangu naomba na mi niseme, mi siyo fundi wa kushika mashine ila nina duka la samani na nalipa mafundi, kwaiyo naangalia upande wa hela.

Kaka wa Kizota, jiulize ni kazi gani kati ya hizo unaweza kumpa mtu mwingine akufanyie na ni ipi huwezi. Maua ya mlango, paneli, kingo ndefu za mbao ngumu, hapo mjini kuna karakana zenye mashine kubwa za kusimama, unapeleka mbao wanakuchongea unalipa kwa futi unarudi nazo. Mi mafundi wangu ndo wanavyofanya mpaka leo na mteja hajawahi kuuliza imechongwa na nani. Lakini kule Nala kwenye nyumba isiyo na umeme hakuna karakana utakayoipelekea mlango uliosimama kwenye fremu. Pale ni wewe na patasi yako, na ile asubuhi inayoisha kwenye mlango mmoja ndo hela yako inapopotelea maana naamini unalipwa kwa mlango siyo kwa siku.

Kwa akili yangu ya biashara ningeanza na ya chaji, bodi tupu, na hela inayobaki ninunue biti nzuri na waya wa huyo kaka wa umeme. Ya waya kubwa ije kwa hela ya milango.

BabaJoyce

Dada nakuheshimu ila ukipeleka mbao kwenye karakana unapanga foleni, siku ya kwanza wanakuambia njoo kesho, kesho umeme hakuna, keshokutwa wembe wa maua yako uko kwa mtu. Mteja wako anapiga simu kila saa. Fundi kuwa na mashine yake ni uhuru.

DadaSamani_Makole

Ni kweli foleni zipo. Ila hujanijibu bawaba za Nala atachimbia nini na hiyo yako ya kilo 6.

BabaJoyce

Kwa patasi kama tulivyofanya wote 😂

Ampea_Tisa

😂😂 BabaJoyce kakubali bila kukubali.

Ila kuna njia ya katikati hamjaitaja, ruta ndogo ya waya. Hizo za wati 700 kwenda juu kidogo ni rahisi kuliko zote mbili, kazi inayofanya ni ileile ya DRT50, hazichagui betri, na kwa asiye na betri yoyote hiyo ndo ningemwambia anunue bila kufikiri. Kwa huyu mwenye betri mbili za Makita tayari na saiti zisizo na umeme naona haimsaidii sana.

Msagala_Mpwapwa

Nimechelewa. Mi naishi Mpwapwa na vifaa nafuata Dar, Kariakoo pale Gerezani, saivi na treni naondoka Dodoma asubuhi jioni nimerudi kwaiyo ile ya kununua chochote kilichopo kwa sababu safari ni ndefu imeisha, zunguka maduka matatu manne ndo utoe hela.

Cha kwanza angalia koleti, hii imeharibu mashine za watu wengi. Biti zinazouzwa kwetu ni mchanganyiko, kuna za mil 6 na kuna za robo inchi ambayo ni mil 6.35, kuna za mil 12 na kuna za nusu inchi ambayo ni 12.7. Kwa macho huzitofautishi. Biti ya mil 6 ukiifunga kwenye koleti ya robo inchi unakaza unaona imeshika, ukianza kukata inateleza chini kidogo kidogo, kina ulichoseti 3 unakuta mwishoni 5, au inachomoka kabisa. Uliza mashine ina koleti ya saizi gani, nunua biti za saizi hiyo TU, na beba kalipa (kipimo cha unene) kama unayo upime shanki mwenyewe maana muuzaji naye anasoma boksi. Mil 8 ndo salama kwa hizi ndogo, kwa macho huichanganyi na ya robo inchi na shanki yake haipindi kirahisi kama ya 6.

Ukifunga biti usiizamishe mpaka igonge chini, izamishe afu irudishe juu mil 2 au 3 ndo ukaze, ikigusa chini koleti haibani sawasawa.

Cha pili ni feki. Jina kubwa likiwa na bei ndogo sana ujue. Bodi tupu yenye jina la Makita beba betri yako ya orijino uiingize palepale dukani, iteleze na kufunga klik bila kulazimisha, uiwashe, upandishe mwendo na kushusha, usikilize. Feki nyingi ukiiwasha kitako kinatetemeka mkononi na shimo la koleti ukiangalia kwa pembeni biti inayumba.

SeremalaKizota

Wakuu nimesoma yote, asanteni sana, dada wa Makole umenigusa pale kwenye kulipwa kwa mlango maana ndivyo ilivyo.

Naona naelekea kwenye ya chaji, bodi tupu, biti moja ya bawaba yenye beringi, moja ya kuviringa kingo na moja ya kufuata plaiwudi, zote shanki ya mil 8. Waya wa 2.5 naununua mwezi huuhuu kwa sababu hata randa yangu nimeshajua kwa nini inalia. Maua ya mkongo nitapeleka karakana kwanza, foleni nitaivumilia.

Maswali mawili ya mwisho. Betri za Ah 3 hazitachemka? Na kitasa je, lile shimo refu la kuzamisha kitasa ndani ya mlango, hiyo ndogo inafika?

Fundi_Nzuguni

Shimo la kitasa haifiki, kina chake ni kirefu kuliko biti ya hiyo mashine. Toboa mashimo ya mfululizo kwa drili unayo, safisha kwa patasi, afu ruta itumie kwa lile bati la mbele la kitasa tu, lile la kuzama mil 3, kwa plaiwudi kama ya bawaba. Bado umeokoa muda mwingi.

Betri itapata joto ukikata mfululizo, badilisha uweke nyingine. Usiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa, jua la Nala unalijua. Chaja ya DC18RC inajaza Ah 3 kwa dakika 22 hivi, ina feni ndani inapuliza betri, na kama betri ni ya moto sana inakataa kuanza mpaka ipoe, usidhani imekufa. Pale hamna umeme omba jirani yeyote mwenye soketi, dakika 22 hakuna anayekunyima.

Na kabla ya kubadilisha biti TOA betri. Ya waya mtu anaona plagi iko ukutani anakumbuka kuchomoa, ya chaji inaonekana imelala tu pale.

Ampea_Tisa

Huo waya wa 2.5 nunua wa koa tatu (nyaya tatu ndani) wenye ethi (waya wa kwenda ardhini), usinunue tena wa rangi mbili. Na plagi iwe ya ampea 13 yenye fyuzi ya kweli, siyo kipande cha waya.

SeremalaKizota

Sawa mkuu. Msagala, pale Gerezani kuna duka la kukodisha kalipa au nitafute ya kununua? 😂

Msagala_Mpwapwa

😂 Njoo inboksi nikuazime yangu, napita Dodoma Ijumaa, ila iirudi.